Alama za mtoto wa sekondari, na jinsi ya kumzoesha kuomba msaada: maswali ya wazazi wa Mombasa

Kila muhula ukifungwa, kabla riporti fomu haijakunjwa, nishapigiwa simu tatu nne. Nimesomesha hesabu na kemia kwa miaka, na siku hizi nakaa na vijana wikendi huku Kisauni. Maswali ya wazazi hayabadiliki sana. Hubadilika mtaa tu, leo Likoni, kesho Changamwe. Nimeyapanga kuanzia yale ya kila mtu hadi yale ya mmoja mmoja. Kama shida yako ni mtoto aliyefunga mdomo, ruka moja kwa moja hadi swali la 6.

## Kuisoma riporti

1. Mwanangu amekuwa wa 38 kati ya 52. Nianzie wapi?

Usianzie hapo. Nambari 38 yakueleza habari za watoto 37 wa watu wengine. Wewe tafuta riporti ya muhula uliopita, ziweke mbili kwa pamoja, usome somo moja moja: wapi amepanda, wapi ameshuka, wapi amesimama palepale. Mtoto aweza kuwa wa 38 tena huku hesabu yake imetoka 21 hadi 34, na hiyo ni kazi kubwa. Ukimfokea kwa 38, umemfundisha kwamba jasho lake halionekani.

Kisha mwulize swali moja tu usiku huo: "Somo gani wewe mwenyewe waona liko karibu kufunguka?" Jibu lake ndilo somo la kuanza nalo, hata kama si lile unalolitaka wewe.

2. C na C+ si ni kijialama tu? Mbona watu huzililia?

Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, hushuka hivyo mpaka E ambayo ni 1. Hujumlishwa masomo saba. Tangu mtihani wa 2023, saba hizo ni hesabu, lugha moja, na matano mengine aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 39 hadi 45 ni C. Pointi 46 ni C+, na C+ ndio mlango wa kuomba digrii.

Sasa chukua mtoto mwenye 43. Hahitaji miujiza. Ahitaji kupanda ngazi moja moja katika masomo matatu. Ndiyo maana nasema tafuteni somo lililo karibu kufunguka. Mzazi akimwambia mtoto "pata A" hajamwambia kitu, lakini "tuitoe biolojia kwenye C- iwe C" ni jambo la kufanyika kabla muhula haujaisha.

3. Wangu yuko Gredi ya 10, hana A wala B. Nisomeje?

Kundi hilo lilianza sekondari ya juu Januari 2026, nao walitahiniwa kwa KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, ambayo ina ngazi nane, kuanzia EE1 (kuzidi matarajio) hadi BE2 (chini ya matarajio). Zisome kama ngazi za nyumba: uliza yuko ya ngapi na nini kinamzuia kupanda ya pili yake. Jambo la ziada kwao ni njia waliyoingia: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Akilemewa, kabla hujalaumu akili yake, uliza kama njia yenyewe aliichagua yeye au ilichaguliwa na ami yake.

Walio Fomu ya 3 mwaka huu wa 2026 ndio kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, na KCSE yao ni 2027. Mengi hapa chini ni ya wote.

4. Amefeli hesabu. Nitajuaje kama hajui au ni uvivu?

Neno uvivu tuliweke kando, halitengenezi kitu. Omba karatasi ya mtihani, ile yenyewe iliyosahihishwa. Wazazi wengi huishia kwenye riporti, na riporti ni kama risiti: yakuambia umelipa ngapi, haikuambii umenunua nini.

Kaeni na kalamu. Kila alama iliyokatwa, mtoto aipe moja ya herufi tatu. H: hakufahamu kabisa. K: alifahamu, akakosea njiani, pengine aliandika 6 akaisoma 0. M: muda ulimwishia, hakufika. Hesabuni herufi. Nimeona watoto walioitwa wajinga nyumbani, kumbe karatasi imejaa M. Huyo hahitaji kufundishwa upya, ahitaji kufanya pastpepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, huku saa iko mezani. Penye H nyingi, msaada wa mtu ni lazima. Penye K nyingi, mzoeshe kuandika kila hatua.

Na hilo la hatua si usafi wa daftari tu. Katika hesabu za KCSE, msahihishaji ana alama za njia na alama za jibu. Mtoto aliyefanya kichwani akaandika jibu lililokosea hupata sufuri; aliyeonyesha njia akakosea mwishoni huondoka na kitu. Swali zuri la kumpelekea mwalimu ni hili: "Hapa alama ya njia ilikatwa kwa nini?"

5. Aibu yangu: anafeli Kiswahili. Na sisi ni Waswahili wa hapa hapa!

Si aibu yako peke yako, Mombasa yote tuna ugonjwa huo. Mtoto hudhani ajua kwa kuwa asema, basi hasomi. Halafu aandika "ndia" badala ya njia, "moya" badala ya moja, achanganya na sheng ya matatu, na kalamu nyekundu haina jamaa. Kimvita si kosa, ni lugha ya bibi yake na ina hadhi yake. Ila mtihani wataka sanifu, na mtoto ajue kuvua kanzu moja na kuvaa nyingine.

Tena Karatasi ya 2 ina alama 80, na 40 kati yake ni matumizi ya lugha: ngeli, mnyambuliko, uakifishaji. Hizo hazipatikani barazani. Hukaliwa na kusomwa kama kemia.

## Kumfungua mdomo

6. Mwalimu asema mlango wake uko wazi. Kwa nini mtoto haulizi?

Kwa sababu tulimlea asiulize. Huku pwani mtoto mwenye adabu ni yule anayenyamaza mbele ya wakubwa, anayesema "nimefahamu" hata kama hakufahamu, ili asimchoshe mtu. Kutoka chuoni kwa maalimu, yaani madrasa, hadi darasani ni adabu hiyo hiyo. Halafu siku moja twamgeukia: mbona huulizi?

Ongeza kicheko cha wenzake. Ongeza Kiingereza, maana swali lenyewe yeye analo kwa Kiswahili, na kulitafsiri mbele ya watu hamsini ni mtihani wa pili. Ongeza kwamba kwenye darasa lililojaa, mwalimu ana dakika 40 na silabasi inayomkimbiza.

Mimi nilikaa miaka miwili nikisema "ndiyo mwalimu" kwenye somo la moli katika kemia. Sikuwa nafahamu hata moli ni kitu gani. Nilipouliza hatimaye, nilimwuliza mpishi wa shule, aliyekuwa amewahi kufika Fomu ya 4, naye akanieleza kwa kutumia trei za mayai: trei ni 30 hata ziwe za kuku au za bata, na moli ni hesabu vivyo hivyo. Dakika tano. Mficha uchi hazai, wasema wazee, na mimi nilificha miaka miwili.

Dawa huanzia nyumbani. Siku mtoto akisema "hili silijui", usiseme "hata hili?" Maneno hayo mawili yafunga mdomo mwaka mzima. Sema "haya, tutafute anayejua." Na wewe mwenyewe uliza mbele yake: mwulize fundi, mwulize daktari, mwulize yeye namna ya kutumia simu. Aone mtu mzima akiuliza na mbingu haikuanguka.

7. Akimfikia mwalimu aseme nini hasa?

"Mwalimu, sifahamu hesabu" ni sentensi isiyojibika. Mwalimu atafanya nini, aanze Fomu ya 1? Swali linalosaidiwa lina sehemu mbili: nimefika hapa, nakwama hapa. Kwa mfano:

"Mwalimu, nimeweza kuchora grafu, lakini kutafuta mteremko kwenye mkunjo ndipo ninapopotea."

"Nimesoma shairi mara tatu. Najua lahusu nini, sijui kutaja bahari yake."

"Swali la 14 nilipata 2 kati ya 4. Naomba unionyeshe mbili zimeanguka wapi."

Kama ulimi unamganda, aandike kwenye karatasi ndogo aiweke ndani ya daftari linaposahihishwa. Au waende wawili. Mwenzake akiwa pembeni, aibu hugawanyika. Wakati mzuri ni mapumziko au baada ya kengele, si mwalimu akiwa amebeba marundo ya madaftari akikimbilia darasa jingine.

8. Na mwalimu akimfokea?

Hutokea. Walimu nao huchoka. Mfundishe mtoto kwamba mwalimu mmoja si mlango wa pekee: kuna mwalimu mwingine wa somo hilo hilo, kuna mwalimu wa ushauri nasaha, kuna mwanafunzi wa kidato cha juu, kuna dada wa jirani aliyemaliza mwaka jana na bado ana noti zake. Mwanafunzi aweke majina matatu kichwani, wa kwanza akishindikana aende kwa wa pili.

Kufokewa ni kitu kimoja, kupigwa ni kingine. Adhabu ya kiboko imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ikitokea, nenda kwa mwalimu mkuu, na nambari 116 ya watoto hupigwa bure.

9. Mimi sikufika sekondari. Nitamsaidiaje kwa kitu nisichokijua?

Hapo ndipo una bahati kuliko mimi. Mwambie: "Njoo unisomeshe. Leo ulifunzwa nini?" Wewe kaa kama mwanafunzi, menya vitunguu vyako, uliza "kwa nini?" na "hapo sijafahamu, nirudilie." Akiweza kukueleza osmosisi kwa mfano wa maharagwe uliyoroweka, amefahamu. Akibabaika, ameligundua tundu lake mwenyewe, na hukumwaibisha mtu. Robo saa yatosha, mara tatu kwa wiki.

10. Niende mwenyewe kwa mwalimu, au nimwache mtoto?

Mtoto kwanza, kila mara. Ukimtangulia, ataendelea kukusubiri hadi chuo kikuu. Nenda wewe kama amejaribu mara mbili bila mafanikio, au kama kuna jambo la swali la 16. Ukienda, usingoje siku ya wazazi yenye foleni kama ya feri. Omba miadi katikati ya muhula, mchukue mtoto naye, na azungumze yeye. Maneno ya kufungulia: "Mwalimu, tumekuja kuomba ushauri," si "mbona mwanangu anafelishwa?"

## Nyumba, muda na pesa

11. Nyumba ni chumba kimoja, joto, televisheni ya jirani. Asomee wapi?

Asisomee hapo jioni, mkubali tu. Muda wa saa moja tu alfajiri, watu wakiwa wamelala na hewa ya bahari bado iko poa, ni bora kuliko tatu za usiku akipepea daftari. Kwa familia nyingi ni baada ya sala ya alfajiri. Wengine hubaki shuleni baada ya masomo, saa moja kabla ya kupanda matatu. Jumamosi kuna maktaba ya umma pale Barabara ya Msanifu Kombo. Kuna meza, kuna kimya, na kuna wanafunzi wengine wa kuulizana. Ila asikatiwe usingizi: umri wake wataka saa 8 hadi 10. Anayelala tano husoma ukurasa mmoja mara nne.

12. Chuo jioni, feri asubuhi. Muda wapi?

Mtoto wa Mtongwe aliye na shule kisiwani hupoteza saa mbili kwa siku njiani, na simlaumu akilala juu ya kitabu. Muda wa foleni ufanywe wa vitu vidogo: vikadi vya fomula, istilahi, methali, maneno ya kemia. Mambo mazito asiyafanye pale. Chuo usimtoe, mtoto anayehifadhi juzuu ana mazoezi ya kumbukumbu ambayo wenzake hawana. Ongea na maalimu wiki za mtihani apunguziwe. Ramadhani, masomo magumu yaende baada ya daku na asubuhi, mchana yaachwe mepesi.

13. Tuisheni yasaidia?

Yategemea. Kwanza sheria: tuisheni ya likizo imekatazwa na sheria niliyoitaja swali la 8, kwa hivyo ukilazimishwa kulipia, una haki ya kukataa. Mwalimu wa jioni uliyemtafuta mwenyewe ni jambo jingine.

Kabla ya kulipa, rudi swali la 4, uhesabu zile herufi. Kama ni M, usilipe, nunua pastpepa. Kama ni H kwenye mada mbili, lipa kwa mada hizo mbili, si kwa mwaka. Tuisheni ya watoto 30 sebuleni ni darasa lingine tu, na mtoto asiyeuliza shuleni hatauliza huko. Kundi la wanne wenye umri mmoja, bila mwalimu, wakielezana kwa zamu, mara nyingi laishinda, na gharama yake ni mahamri na chai.

14. Simu je? Na hizi programu zinazojibu kila swali?

Ni mwalimu mvumilivu na ni mwizi, kwa kifaa kimoja. Akipiga picha ya swali na kunakili jibu, ameibiwa. Akiandika jibu lake kwanza, kisha aulize "nimekosea hatua gani?", amesaidiwa. Usiku simu ilale chumba cha mzazi.

15. Hufukuzwa karo kila muhula. Alama zitapandaje?

Hazipandi, na hilo si kosa lake. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya kufungua shule, ukiwa na chochote mkononi na ratiba ya kulipa iliyoandikwa. Wengi husikiliza anayewahi. Fomu za basari za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, na za kaunti ziulizie mapema, maana hufungwa kabla ya habari kukufikia. Siku akiwa nyumbani, rafiki ampigie picha noti za siku ile ile, si za wiki.

## Mambo ya mmoja mmoja

16. Alikuwa mzuri, muhula mmoja ameanguka kila somo. Kuna nini?

Somo moja likianguka, tafuta somoni. Yote yakianguka pamoja, tafuta kwingine. Anza na vya bei rahisi: macho. Nimemwona kijana aliyeitwa mtoro wa akili, kumbe haoni ubao. Kisha uliza, kwa upole na mkiwa wawili, kuhusu kuonewa, msiba, ugomvi wa nyumbani, mapenzi, na muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa. Muguka usijifanye huujui, wauzwa mlango wa pili.

Kwa dawa za kulevya, nambari ya NACADA ni 1192, bure. Huzuni isiyoisha, kutokula, maneno ya kutaka kufa: hayo si ya mwalimu wala ya kusubiri, nendeni hospitali leo, na 116 ipo usiku na mchana. Alama zitangoja.

17. Fomu ya 4, mock (mtihani wa kujipima kabla ya KCSE) ni D+. Tumechelewa?

Kwa A, ndiyo. Kwa kupanda, la. Nendeni kwenye alama zilizo karibu. Karatasi za majaribio ya maabara za kemia, biolojia na fizikia zina alama 40 kila moja, na maswali yake hujirudia sura: titresheni, mchoro, kusoma jedwali. Hesabu ina pepa mbili za 100. Sehemu ya 1 ya kila pepa ni maswali mafupi ya alama 50, na pepa ya kwanza ndiyo yenye mambo mengi ya Fomu ya 1 na ya 2. Anayeogopa vekta na aanze huko. Na mjue kwamba diploma huanzia C-, na cheti cha ufundi D, ili asifanye mtihani akidhani nyuma yake kuna shimo.

18. Shule yataka arudie darasa. Nikubali?

Sheria ile ile ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto azuiwe kupanda darasa. Kama ni mtoto mwenyewe anayetaka, baada ya ugonjwa mrefu kwa mfano, mzungumze. Kama ni shule yalinda wastani wake, uliza hilo lisemwe kwa maandishi, uone litakavyobadilika.

19. Binti yangu amejifungua. Ameharibikiwa?

Hapana. Serikali ina mwongozo wa 2020 wa kuwarudisha shule watoto waliotoka, na wasichana waliojifungua wamo ndani. Mama yake au shangazi amwendee mwalimu mkuu mapema wapange tarehe. Msaada anaouhitaji zaidi ni mtu wa kumshikia mtoto saa mbili kila jioni. Hesabu tutamfundisha sisi.

20. Nimefanya yote haya, yeye hataki kusaidiwa na mtu. Nifanyeje?

Acha kumsaidia kwa wiki mbili, na simaanishi umsuse. Mwombe yeye akusaidie: akupigie hesabu za duka, akuandikie barua ya chama, amsomeshe mdogo wake kugawanya. Kijana anayekataa msaada mara nyingi amechoka kuwa yule anayesaidiwa daima. Mmoja wangu wa Bombolulu alikataa kila kitu mpaka mdogo wake wa Gredi ya 7 alipomwuliza kuhusu sehemu, akakwama kwenye kumweleza. Jumamosi ile alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na viatu mkononi, akasema ana swali, lakini si lake, ni la mdogo wake.

Nikamwambia aingie, tulifanye hilo la mdogo wake.